Mashine ya Espreso na Mtoto Mdogo: Mwongozo Kamili wa Usalama Jikoni

Wazazi wanaoniuliza kuhusu mashine ya espreso, wawe wa Milimani hapa Nakuru au wa Mamboleo kule Kisumu, hunieleza karibu jambo lile lile: mashine wameisukuma hadi ukutani, mtoto amekatazwa mara nyingi asiiguse, na bado juzi amekutwa ameushika waya wake. Wote hukwama mahali pamoja. Huilinda mashine wakati inapotoa kahawa, yaani zile dakika chache ambazo mtu mzima amesimama mbele yake, kisha huiacha wazi kabla na baada ya hapo, wakati chuma bado kina moto, waya unaning'inia na kikombe kimekwisha kuhamia sebuleni.

Mwongozo huu unamhusu mtoto wa kuanzia miezi sita, anapoanza kujivuta na kushika kila kitu, hadi miaka mitano hivi. Mtoto wa umri huo anaweza kulirudia katazo neno kwa neno na kulisahau mara tu anapoona taa ndogo ikiwaka. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa inamtaka mtu mzima apange mahali, muda na mwendo wake mwenyewe, na hakuna hata moja inayotegemea utii wa mtoto.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia urefu.
- Utepe wa rangi kali unaoweza kubandikwa sakafuni.
- Klipu za kushikilia waya ukutani, pamoja na misumari yake midogo.
- Geti dogo la mlangoni. Seremala yeyote, kwa mfano wa soko la Kibuye kule Kisumu, atakutengenezea kwa mbao. Mwambie liwe na kimo kisichopungua sentimita 75, fito zisimame wima, na nafasi kati yake isizidi sentimita 6 ili kichwa cha mtoto kisipenye.
- Komeo la kabati linalofungwa kutoka juu, mahali mtoto asipofika.
- Jagi la chuma la kutilia maziwa povu, na kikombe chenye kifuniko cha kuzungusha kwa kila mtu mzima anayekunywa kahawa nyumbani.
- Jerikeni moja ya lita 20 iliyojaa maji safi, beseni na jagi la kuchotea. Hivi havitumiwi kwa kazi nyingine yoyote.
- Karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula, ambayo itakuwa bendeji ya dharura.

Usianze kwa nusu ya vifaa hivi ukitarajia kununua vingine mwisho wa mwezi. Ikiwa geti bado halijatengenezwa, mashine na ikae ndani ya kabati hadi liwe tayari.

## Hatua ya 1: Zijue sehemu zinazounguza, mashine ikiwa baridi

Simama mbele ya mashine ikiwa imezimwa na kupoa kabisa, uzishike sehemu zake moja baada ya nyingine. Anza na bomba la mvuke, lile la kutilia maziwa povu. Ndani ya boila, yaani tangi la kuchemshia maji, mvuke hubanwa hadi joto lake likapita nyuzijoto 120 za Selsiasi, na bomba lenyewe, likiwa la chuma kitupu, huendelea kuunguza hata baada ya mvuke kufungwa. Kisha shika kichwa cha mashine, pale portafilta, yaani kile kishikio chenye mpini kinachotiwa kahawa iliyosagwa, inapofungiwa, ambapo maji hupita yakiwa kati ya nyuzijoto 90 na 96. Portafilta yenyewe ni kipande kizito cha chuma ambacho mpini wake hauna moto, lakini kichwa chake hubaki na moto muda mrefu. Ikimwangukia mtoto humuumiza mara mbili, kwa uzito na kwa joto.

Sehemu mbili husahauliwa na karibu kila mtu. Ya kwanza ni trei ya matone, ambayo hukusanya maji yote ya moto yanayotumika kusuuza mashine na huchomoka kwa urahisi ikivutwa na kidole kimoja. Ya pili ni sehemu ya juu ya kupashia vikombe, ambayo haitoi mvuke wala sauti, kwa hiyo hakuna kinachoonya.

Nakuru iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, na maji ya sufuria hapa huchemka yakifika nyuzijoto 94 hivi. Upungufu huo haumsaidii mtoto hata kidogo, kwa maana maji ya nyuzijoto 60 tu yanaweza kumuunguza vibaya kwa muda wa takriban sekunde moja, ilhali mtu mzima huchukua kama sekunde 5, kwa kuwa ngozi ya mtoto ni nyembamba. Tena, mashine iliyotengenezwa ipashe maji hadi nyuzijoto 95 huyatoa huku kwetu yakiwa yamekwisha kupita kiwango chake cha kuchemka, nayo hurusha matone na mvuke yanapokutana na hewa. Kwa sababu hiyo nashauri umbali mkubwa kuliko unaotajwa na vijitabu vingi vinavyokuja na mashine.

Hatua hii imekamilika pale kila mtu mzima wa nyumba anapoweza kuzitaja sehemu hizo zote bila kuitazama mashine.

## Hatua ya 2: Chagua mahali kwa kumpima mtoto, si kwa kukisia

Mtoto wa miaka miwili huwa na kimo cha karibu sentimita 87, na kaunta nyingi za jikoni zina kimo cha sentimita 90. Mzazi akiona kichwa cha mtoto kiko chini ya ukingo, huridhika. Hata hivyo mtoto huyo akisimama kwa vidole vya miguu na kunyoosha mkono, viganja vyake hupita ukingo na kuanza kupapasa juu ya kaunta, tena bila yeye kuona anachokishika.

Mpime. Mwekee kitu anachokipenda juu ya kaunta, mashine ikiwa haipo, na utazame vidole vyake vinaingia ndani kiasi gani kutoka ukingoni. Ongeza sentimita 20 kwa ajili ya ukuaji wake wa miezi ijayo. Hiyo ndiyo nafasi ya chini kabisa inayopaswa kubaki kati ya ukingo wa kaunta na mashine, na kipimo hicho kichukuliwe kutoka ncha ya mpini wa portafilta, ambao hutokeza mbele, si kutoka kwenye sanduku la mashine. Ikiwa kaunta yako ni nyembamba kiasi kwamba nafasi hiyo haipatikani, kaunta hiyo haifai.

Pembe yenye kuta mbili ndiyo mahali pazuri zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kuifikia kutoka upande mmoja au miwili tu. Usiiweke juu ya friji wala kwenye rafu iliyo juu ya kifua chako. Mtu mzima atalazimika kuteremsha chuma na vinywaji vya moto kupita usoni pake, na kitakachoponyoka kitamfikia aliye chini. Meza ya plastiki na kigoda havifai hata kidogo. Mashine nyingi za nyumbani zina uzito wa kilo 4 hadi 10, na meza ikiyumba haina cha kuizuia.

Baada ya hapo tazama chini. Katika mitaa mingi ya Nakuru na Kisumu maji ya mfereji hayaaminiki wiki nzima, kwa hiyo jikoni kuna jerikeni zimepangwa, ndoo zenye vifuniko, na huenda mtungi wa gesi. Jerikeni mbili na ndoo moja kando ya kaunta ni ngazi kamili kwa mtoto wa miaka miwili. Hamishia maji upande mwingine wa jikoni, na viti vya plastiki vitoke kabisa wakati mashine ina moto.

Wanaoishi katika chumba kimoja wananiuliza wafanye nini, nami nitasema bila kuzunguka: mashine isikae nje. Iwe kabatini siku zote, itolewe mtoto anapokuwa nje na mtu mwingine mzima au amelala usingizi mzito, na irudishwe baada tu ya kupoa. Kitanda kilicho mita moja na nusu kutoka kwenye bomba la mvuke hakiwezi kulindwa kwa njia nyingine.

## Hatua ya 3: Waya usionekane kutoka mbele

Hapa ndipo wengi hushindwa, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Mtoto aliyesimama sakafuni haioni mashine vizuri, ila huuona waya unaoning'inia, naye huuvuta. Kwa kuwa mashine inakaa juu ya kaunta laini ya vigae au ya terazo, hata yenye miguu ya mpira huteleza kaunta ikiwa na maji.

Upitishe waya nyuma ya mashine moja kwa moja hadi kwenye soketi iliyo juu ya kaunta. Ziada ya waya uikunje na kuifunga kwa kamba nyuma ya mashine, kisha uubane ukutani kwa klipu kila baada ya sentimita 15. Usipigilie msumari katikati ya waya, wala usiufunge ukiwa umebanwa sana hadi ukajikunja kwa ncha kali.

Ikiwa soketi pekee iko chini karibu na sakafu, mwite fundi wa stima aliyesajiliwa akupandishie soketi yenye swichi juu ya kaunta. Najua ni gharama, na katika nyumba ya kupanga ni lazima mwenye nyumba akubali kwanza. Hata hivyo njia mbadala, yaani ekstensheni inayotambaa sakafuni, inaleta hatari mbili kwa mpigo. Mtoto anaivuta au anaichokoa kwa kijiko, na pia inazidiwa na mzigo. Fanya hesabu mwenyewe: mashine ya wati 1,400 na birika la stima la wati 2,200 vikichomekwa pamoja vinakuwa wati 3,600, na kwa volti 240 hizo ni ampea 15, wakati plagi yetu ya pini tatu imetengenezewa ampea 13. Ekstensheni hiyo itapata moto taratibu bila mtu kujua.

Onyo: Ukimaliza kutumia mashine, zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi. Stima ikikatika katikati ya kazi, jambo tulilolizoea sote, fanya vivyo hivyo mara moja. Mashine iliyoachwa imewashwa huanza kupasha maji yenyewe stima inaporudi, na huenda wakati huo hakuna mtu mzima jikoni.

Utajua umefaulu ukichuchumaa hadi macho yako yawe sawa na macho ya mtoto, ukatazama kaunta kutoka kila upande, na usione hata sentimita moja ya waya.

## Hatua ya 4: Weka mpaka wa mita moja

Pima mita moja kutoka kwenye kaunta, pande zote ambazo mtu anaweza kusimama, na ubandike utepe sakafuni. Watu hudhani utepe huu ni wa kumwonya mtoto. Ni wa mtu mzima: humwonyesha kwa jicho moja kama mtoto amekwisha kuingia eneo ambalo matone na vitu vinavyoanguka vinaweza kumfikia, na hapo mwenye kutengeneza kahawa husimamisha kila kitu.

Jikoni yenye mlango iwekewe geti, na geti lifungwe kabla mashine haijawashwa. Lifungue wewe tu, na ulifunge nyuma yako hata kama unatoka kwa sekunde chache kumpa mgeni sukari.

## Hatua ya 5: Tengeneza kahawa kwa mpangilio usiobadilika

Kwanza, mtoto awe na mahali. Awe na mtu mwingine mzima, au awe kwenye kitanda chake chenye fito, au kwenye kiti chake kirefu akiwa amefungwa mkanda, nje ya mpaka. Asiwe mgongoni. Mama wengi hufanya kazi zote za jikoni mtoto akiwa amefungwa kwa leso, na kwa kazi nyingi hilo halina neno, lakini mkono wa mtoto hupita juu ya bega bila wewe kuuona, na anayetia maziwa povu huinama mbele, jambo linaloufikisha mkono huo hadi kwenye mvuke.

Pili, kusanya kila kitu kabla ya kuwasha: maji kwenye tangi, kahawa iliyosagwa, vikombe, maziwa, kitambaa kikavu na kingine chenye maji. Anayegundua katikati ya kazi kwamba maziwa yako sebuleni ndiye anayeacha mashine ya moto peke yake.

Tatu, washa na ukae hapo hapo mashine inapopata moto. Iwapo simu italia au mtu atabisha hodi langoni, zima swichi ya ukutani kwanza.

Nne, kahawa ikishatoka, usiifungue portafilta papo hapo. Mashine husukuma maji kupita kwenye kahawa kwa shinikizo la takriban bari 9. Mashine za bei ya juu zina vali inayotoa shinikizo hilo pampu inaposimama, na utasikia sauti ya maji yakimwagika kwenye trei. Nyingi za bei nafuu hazina vali hiyo, na shinikizo hubaki limenaswa juu ya kahawa, hasa ikiwa imesagwa laini mno au imeshindiliwa kupita kiasi. Anayeifungua mapema hurushiwa makapi na maji ya moto mbele na pembeni, na yule aliye chini ya kaunta ndiye hupatwa usoni. Subiri matone yakome kabisa, kisha uhesabu dakika moja zaidi. Ikiwa kahawa haikutoka hata tone, shinikizo lote bado liko ndani: zima mashine, mtoe mtoto jikoni, na usubiri hadi ipoe. Hata baada ya kusubiri, izungushe portafilta polepole. Ukisikia sauti ya mvuke ukitoka au ukiona maji yakitoka ukingoni, irudishe mahali pake na usubiri tena.

Zipo pia mashine ndogo za mvuke zisizo na pampu, ambazo maji hujazwa juu na kufungwa kwa kizibo kama cha boila. Kizibo hicho kisifunguliwe kamwe kukiwa na mvuke ndani. Anayetumia mashine ya namna hii asijaribu kutengeneza kikombe cha pili mara moja mbele ya watoto. Asubiri ipoe ndipo aongeze maji.

Tano, unapotia maziwa povu, elekeza bomba ndani, upande wa ukuta, na uzamishe ncha yake kwenye maziwa kabla ya kufungua mvuke. Maziwa yanatosha yakifika nyuzijoto 60 hadi 65. Ukimaliza, funga mvuke, toa jagi, lifute bomba kwa kitambaa chenye maji, kisha ulirudishe lielekee ukutani. Bomba lililoachwa likielekea ukingo wa kaunta ndilo huwa karibu zaidi na mkono wa mtoto kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine.

## Hatua ya 6: Ipoze mashine, kuzima peke yake hakutoshi

Taa ikizimika, joto halizimiki nayo. Boila iliyojaa maji, kichwa cha chuma na portafilta vimehifadhi joto la kutosha kuunguza kwa muda mrefu, na huu ndio wakati ambao mtu mzima ameketi sebuleni akinywa kahawa yake.

Kabla ya kuzima, rudisha swichi ya mvuke kwenye hali ya kawaida, weka jagi lenye maji baridi kidogo chini ya bomba la mvuke, ulifungue, na ikiwa pampu ya mashine yako inasukuma maji kupitia hapo, iache isukume hadi yatoke bila mvuke. Maji baridi kutoka kwenye tangi huingia kwenye boila na kuteremsha joto. Pitisha maji mengine kwenye kichwa cha mashine pia. Sasa zima, chomoa plagi, na ufungue bomba la mvuke mara ya mwisho kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani.

Itoe portafilta na uiweke ndani kabisa ya sinki, si kwenye kichanja cha vyombo kilicho ukingoni. Imwage trei ya matone papo hapo.

Hata baada ya yote haya, ichukulie mashine kuwa ya moto kwa saa nzima. Geti libaki limefungwa muda huo wote. Ukitaka kuhakikisha, sogeza upande wa nyuma wa mkono wako karibu na kichwa cha mashine bila kugusa. Ukihisi vuguvugu lolote, bado.

## Hatua ya 7: Fuatilia kikombe hadi kiishe

Espreso yenyewe ni kama mililita 30, kiasi kidogo. Kinachomuunguza mtoto vibaya zaidi ni kile kikombe kikubwa kilichoongezwa maji ya moto au maziwa, kwa kuwa kinaweza kumwagika kifuani pote. Kinywaji cha namna hiyo kinaweza kuunguza hata baada ya robo saa kimekaa mezani, na wewe mwenyewe unakinywa kwa raha ukidhani kimepoa.

Tumia kikombe chenye kifuniko cha kuzungusha. Usimpakate mtoto ukiwa na kikombe mkononi, hata kwa mkono wa pili, na usimkabidhi mtu kikombe juu ya kichwa cha mtoto. Unapotembea nacho sema kwa sauti, "Nimeshika moto," ili wengine wamshike mtoto kabla hujapita.

Kisha kuna vitambaa. Katika sebule zetu kila stuli na kila meza ina kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kimetandazwa vizuri na pembe yake imening'inia mbele, sentimita kama ishirini kutoka sakafuni. Mtoto anayejifunza kusimama hukamata pembe hiyo na kujivuta juu, na kila kilicho juu yake humjia. Vitambaa hivyo vitolewe kwenye meza zote zinazowekewa vinywaji hadi mtoto apite miaka mitatu. Mama mkwe akiuliza, mweleze kwa heshima. Sijaona nyanya anayekataa akishaelewa kwamba ni kwa ajili ya mjukuu wake.

## Hatua ya 8: Fungia dawa, buni na mizani

Vidonge vya kusafishia mashine ni vyeupe, vidogo, na kwa macho ya mtoto ni peremende. Vinaweza kuunguza mdomo na koo. Unga au maji ya kuondolea ukoko wa chokaa ndani ya mashine nayo ni asidi. Vyote vikae kwenye kabati la juu lenye komeo, ndani ya pakiti zake za asili. Kamwe usivihamishie kwenye chupa ya soda. Siku ya kusafisha, mashine ikiwa na dawa ndani, ibandike karatasi yenye maandishi ili mtu mwingine asitengeneze kahawa.

Buni zilizokaangwa zinaweza kumkaba mtoto mdogo, na kahawa yenyewe si kinywaji chake: espreso moja huwa na takriban miligramu 60 za kafeini, ilhali kiwango ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wanakitumia kwa watoto ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 36 kwa mtoto wa kilo 12. Mabaki ya vikombe yamwagwe mara moja.

Baadhi ya mizani za kupimia kahawa hutumia betri bapa kama sarafu. Betri hiyo ikimezwa na kunasa kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Hakikisha kifuniko chake kina skrubu. Ukishuku mtoto amemeza, nenda hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

## Hatua ya 9: Wafundishe wote wanaobaki na mtoto

Dada anayesaidia kazi za nyumbani, shangazi aliyekuja likizo kutoka Bungoma, kaka mkubwa wa gredi ya saba: kila mmoja ama amefundishwa hatua zote, ama haruhusiwi kuiwasha mashine. Hakuna daraja la katikati. Mfundishe kwa kufanya pamoja naye, kisha umwache afanye mbele yako, na umwonyeshe jerikeni ya dharura ilipo. Mpe ruhusa ya wazi ya kuizima mashine na kumwaga kahawa ya mwenye nyumba akiona mtoto amevuka utepe. Wengi husita kwa heshima.

Mtoto akifikisha miaka minne hivi anaweza kupewa kazi nje ya mpaka, kama kupanga visahani mezani, ili hamu yake ipate mahali pa kwenda. Mpaka wenyewe hausogezwi.

Rudia kipimo cha Hatua ya 2 kila baada ya miezi mitatu, na kila mnapohama nyumba.

## Mtoto akiungua

Mwondoe kwenye moto. Mvue nguo zilizolowa, bangili, shanga, na nepi ikiwa imemwagikiwa, kwa sababu nepi hushika maji ya moto. Kilichogandamana na ngozi kiache.

Mwagilia sehemu iliyoungua maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Hii ndiyo tiba kubwa kuliko zote unazoweza kumpa nyumbani, na bado ina faida hata ikianza ndani ya saa tatu. Mfereji ukiwa mkavu, tumia ile jerikeni: mweke mtoto juu ya beseni na umwagilie taratibu kwa jagi, ukimwaga lita moja kwa dakika, lita 20 zinatosha muda wote. Mwili uliobaki ufunike kwa leso kavu, kwa sababu mtoto mdogo hupoteza joto haraka.

Usipake barafu, dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai, unga wala asali. Hivyo vingine, mbali na barafu, huzuia joto kutoka, huleta maambukizi, na humlazimu daktari kusugua kidonda ili aviondoe. Malengelenge usiyapasue.

Kisha laza karatasi safi ya plastiki juu ya kidonda bila kuizungusha kwa kukaza, au kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Mpeleke hospitali ikiwa hajafikisha mwaka mmoja, ikiwa jeraha linazidi ukubwa wa kiganja chake mwenyewe, ikiwa liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio kama goti au kiwiko, au sehemu za siri, ikiwa limetoa malengelenge au ngozi imekuwa nyeupe, au ikiwa aliuvuta mvuke. Aliyepigwa na stima apelekwe hata kama hana alama. Lakini zima swichi kuu kabla ya kumgusa. Aliyemeza dawa ya kusafishia asilazimishwe kutapika. Msuuze mdomo na ubebe pakiti.

Nambari za dharura ni 999 na 112. Walio Nakuru wana hospitali ya rufaa ya kaunti, walio Kisumu wana Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na walio upande wa Eldoret wana ile ya Moi. Ukiwa mbali, anzia kituo cha afya kilicho karibu, dakika 20 za maji zikiwa zimekwisha, na umweleze mhudumu mambo matatu: kilichomuunguza, saa alipoungua, na muda uliommwagilia maji.